Jiwe la Tabaka Lililokwenda Saint Paul na Kurudi

Mwanaisha mwenzangu wa kibanda cha mawe, Mama Kadzo, na wewe Bi Rukia uliyeniuliza mara tatu na mara tatu ukaondoka kabla sijafika katikati: nimeona heri niandike, kila mtu asome kwa wakati wake, nami nipate kumenya viazi vyangu. Shule yangu mwajua iliishia darasa la nne, kwa hiyo nukta msizitafute. Lakini majina nayakumbuka yote, hayo msinibishie. Habari za pasipoti na tiketi naziruka, maana hata wakati zinatokea zilinichosha.

Changamwe hadi Nairobi

Binti yangu Kemunto kazi yake kule Amerika ni kutunza wazee majumbani mwao. Mmoja wa wazee wake ni Mmeksiko anayeitwa Anselmo, mchoraji na mchongaji wa mawe, umri miaka themanini na mmoja. Kemunto ana kifaru kidogo cha jiwe la Kisii alichochonga marehemu baba yake, Onsongo, naye hukiweka garini, mbele ya usukani. Siku moja mzee alikiona, akakichukua, akakigeuzageuza hata chai yake ikapoa. Akataka kujua jiwe laini namna hii latoka wapi.

Sasa sikieni. Mzee huyo alikuwa hajashika patasi miaka miwili, kwa sababu mkono wa kulia unatetemeka. Alikuwa anakaa dirishani tu. Kemunto akanipigia simu akasema, "Mama, ukija niletee kipande kibichi. Nataka nione kama huyu mzee atachonga tena. Anaisha nikimuona."

Basi nilikwenda kuwaona wajukuu, sikatai, lakini mzigo wangu ulikuwa jiwe. Shemeji Mogaka alinichagulia kule kwetu Tabaka, Kisii, jiwe la waridi lenye mshipa mweupe, ukubwa wa papai. Nikaliosha, nikalikausha, nikalifunga kwenye leso ile ya Mama Kadzo. Kwenye treni nilivyolipakata, mwalimu mmoja wa Malindi, Kazungu, alidhani nina mtoto mchanga, akanipisha dirishani na kuwaambia watu wapunguze sauti. Sikumsahihisha hadi Voi. Alipoona ni jiwe akasema hata hivyo limelala vizuri.

Ndege iliyokaa chini

Ndege ya pili, ile ya kuvuka maji makubwa, nilikaa na Bi Faduma, Msomali wa Garissa mwenye watoto sita Minneapolis na wajukuu ambao hesabu yao alianza akaacha. Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengine hapo Changamwe ambao sitawataja.

Tulipokaribia, theluji ikakataa. Ndege ikashushwa Chicago, na hapo chini tukakaa saa tano, hatushuki wala haturuki. Dirishani palikuwa peupe kama mtu ametundika shuka. Wahudumu waliishiwa na chakula, wakabaki na maji na tabasamu. Bi Faduma akafungua kopo la halua, nami nikatoa vitumbua vya Bi Rukia, tukala, tukampa na bwana wa kiti cha mbele ambaye alikuwa amegeuka mara nyingi mno kwa mtu asiyetaka kitu. Jina lake Dale. Alikula vitumbua vinne. Bi Rukia, una mteja.

Nilimweleza Bi Faduma hofu yangu kwamba wajukuu hawatanielewa. Akaniambia wake humjibu kwa Kiingereza, yeye huwajibu kwa Kisomali, na chakula kinaliwa.

Meza ya ukaguzi

Minneapolis tulifika alasiri. Nikaitwa kando na bwana aliyeandikwa Craig kifuani. Akafungua leso akauliza ni nini. Bi Faduma, Mungu amweke, alikataa kuniacha, akawa mkalimani.

Nikasema ni jiwe. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema ndani kuna jiwe. Akauliza kwa nini mtu abebe jiwe kutoka Afrika, kwani hapa hayapo. Nikaona huyu haelewi ulaini wake, basi nikafanya kama ninavyomwonyesha mteja yeyote pale kibandani: nikalikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe ukamwagika mezani.

Bi Faduma alifumba macho. Craig akarudi nyuma hatua moja, akaita mwenzake, mwenzake akaita mbwa. Mbwa alinusa unga, akapiga chafya, akalala. Wakaleta karatasi za kupangusia na chupa ndogo, wakapima, wakasubiri, wakapima tena. Mimi nikawaeleza jinsi ya kusugua na jinsi ya kupaka nta, kwa kuwa muda ulikuwepo. Mwishowe Craig akalifunga jiwe mwenyewe ndani ya leso, vibaya, akaniambia niende salama. Kemunto alikuwa nje amesimama saa mbili. Hakuuliza. Aliliangalia jiwe akajua.

Brooklyn Center

Kemunto anakaa Brooklyn Center, ghorofa ya pili, na mumewe Ombati anayefanya kazi kwenye ghala huko Eagan, na binti yao Moraa wa miaka tisa. Moraa anaelewa kila neno nikisema, kisha anajibu kwa Kiingereza. Nilifuata ushauri wa Bi Faduma, tukaelewana. Unga wa ugali upo, sukuma wiki ipo, kanisa lenye Wakenya na Wakongo lipo karibu. Kitu ambacho hakipo ni mtu barabarani. Nilikaa dirishani asubuhi nzima nikahesabu watu wawili, na mmoja alikuwa Ombati anatoa theluji kwenye gari.

Siku ya tatu Kemunto alisema niende naye kazini. Rosalía, binti wa mzee, alikuwa ametoa ruhusa mwenyewe, ila kampuni inayomwajiri Kemunto haipendi ndugu waje. Njia nzima alinihubiria. "Mama, niko on shift pale. Ukigusa kitu, ni mimi naulizwa. Usiguse dawa, usiguse ile mashine ya oksijeni, usimpe chakula bila kuniuliza." Nikasema sawa. Kuhusu mawe hakusema lolote.

Ng'ambo ya mto, Saint Paul

Mtaa wa mzee umejaa michoro kwenye kuta. Ukuta wa duka la mikate una wanawake wanaopiga makofi, wa kinyozi una farasi wa buluu. Kemunto aliniambia yote aliichora mzee, zamani, akiwa juu ya ngazi hata majira ya baridi, rangi akiipasha moto kwa sufuria.

Mzee Anselmo ni mwembamba, nyusi kama brashi. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea. Kemunto akamweleza maana yake, akafurahi, tangu siku hiyo akawa anaidai nikichelewa kuitoa. Rosalía alitupatia chakula chao cha unga wa mahindi kilichofungwa kwa maganda ya mahindi. Alikaa tayari kunifundisha kufungua. Nilikuwa nimeshafungua na kumaliza cha kwanza.

Wiki mbili tulikwenda hivyo. Mchana mzee alinisimulia maisha yake kwa Kiingereza, Kemunto akikunja nguo na kunitafsiria. Alizaliwa Jalisco, baba yake akifyatua matofali. Alipokuwa na miaka saba wakapandishwa lori, familia nzima, wakaja huku kaskazini kupalilia viazisukari, vile vya kutengenezea sukari. Mama yake, Eulalia, alipalilia kwa jembe la mpini mfupi, ameinama toka jua likichomoza. Anselmo alimchora kwa mkaa kwenye magunia. Msimamizi wa shamba akayachoma magunia, Anselmo akachora mengine. Baadaye akachinja ng'ombe kiwandani miaka kumi na moja, akaacha ghafla akarudi Meksiko kujifunza kwa mchonga makaburi mmoja, Don Fermín, ambaye miaka mitatu hakumruhusu kuchonga uso, mabawa ya malaika tu. "Najua bawa kuliko kuku anavyolijua," alisema. Kisha akarudi Saint Paul na mke, Teresa, akachora kuta, akachonga mawe, akafundisha watoto wa mtaa. Muda mrefu watu walidhani ni fundi wa kupaka rangi nyumba, nao walimwita awapakie nyumba, akapaka.

Jiwe langu alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa. Akaliweka meza ya dirishani, akalifunika kwa taulo, basi. Patasi hakuigusa. Ila kila siku nikifika nalikuta limegeuzwa upande mwingine, na Kemunto alikuwa akinionyesha jiwe lile kwa kidole, kwa siri, kama mtu aliyeona ujauzito.

Msasa

Chumba cha nyuma, kilichokuwa gereji, kuna sanamu ya mama yake. Eulalia kuanzia kiunoni kwenda juu, mgongo umepinda, jembe begani, jiwe la kijivu lililo laini, ndugu kabisa wa letu. Alikuwa amelimaliza miaka miwili iliyopita, mkono ulipoanza kumtoka, na Jumamosi ya wiki iliyofuata lilikuwa lipelekwe kwenye ukumbi wa mtaa, maonyesho ya kazi zake za maisha yote. Lakini lilikuwa na mikwaruzo ya patasi mwili mzima, uso, shingo, mabega, kama lilivyotoka mkononi.

Nikamuuliza, kupitia Kemunto, nani humsugulia mawe yake. Akasema hakuna. Teresa alikuwa anaosha, naye amefariki.

Nyinyi mnajua ninakotoka. Tabaka mwanamume anachonga, mwanamke anasugua. Onsongo hakuwahi kupeleka jiwe sokoni likiwa na makovu. Jiwe lisilosuguliwa maana yake mwenyewe hana mtu. Nikasema moyoni, masikini, mkewe alikufa na mama yake akabaki hajaoshwa, na watu wanakuja Jumamosi.

Alhamisi, mzee amelala baada ya chakula, Kemunto yuko chini anafua. Nikachukua beseni, maji, na msasa wangu niliokuja nao. Nikaanza shavu la kushoto. Jamani, lile jiwe lilikuwa linangoja. Nikaenda shingo, nikaenda bega. Niliimba kidogo. Shavu likatoka kama la mtu aliyetoka kuoga. Karibu saa mbili zikapita.

Kemunto alisimama mlangoni na kikapu cha nguo. Alisema taratibu kabisa, "Mama. Hilo si la kusuguliwa."

Nikamwambia nimefika begani tu, litaisha kabla ya jioni.

"Mama, weka msasa chini."

Mzee alikuwa ameamka. Alikuja na kile chuma chake cha kutembelea, akapita katikati yetu. Akaweka mkono kwenye shavu la kulia, akaupeleka polepole, akauvusha pua hadi kushoto. Hapo ukasimama. Ulitetemeka juu ya ule ulaini muda mrefu. Kisha akageuka akarudi chumbani, akafunga mlango.

Rosalía alirudi akatueleza. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. Mikwaruzo ile ndiyo kazi yenyewe. Baba yake aliiacha makusudi, moja moja, na ndiyo ya mwisho aliyoipiga mkono ukiwa bado unamtii. Aliniambia, "Mkono ule hautarudi, mama. Pale ndipo ulipokuwa." Akamwambia Kemunto asije hadi apigiwe simu.

Siku nne

Kemunto hakunigombeza. Alipika bila chumvi, tukala. Nilijua anafikiria kazi, maana Rosalía akipeleka neno kwa kampuni, imekwisha. Na nilijua anafikiria zaidi yule mzee, ambaye tulikuja kumwamsha nami nikamfuta. Ombati alijaribu kunichekesha, akasema angalau sikugusa farasi wa buluu. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Jumamosi nilimwambia Kemunto anikatie tiketi nirudi mapema. Alikataa. Jumapili kanisani waliomba watu wenye mahitaji wasimame. Nikasimama. Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, akanishika mkono akidhani ninaumwa, akaniletea nyumbani sambaza za kukaanga, dagaa wa kwao. Nilizimaliza. Huzuni yangu haijawahi kuzuia chakula.

Moraa akanikuta dirishani akaniuliza kwa Kiingereza kama niko matatani. Nikamjibu ndiyo. Akafikiri, kisha akasema kwa Kiswahili, cha kwanza nilichomsikia nacho: "Nyanya, sema pole tu."

Jumatatu Rosalía akapiga simu. Baba yake anamtaka yule mama wa mawe.

Kwenye kiti cha chuma

Mzee alikuwa chumba cha nyuma, ameketi mbele ya Eulalia. Nilitoa shikamoo, hakuitikia. Nikasema pole, Kemunto akatafsiri. Akanionyesha kiti cha chuma nikakaa, na kilikuwa baridi, nikaona ni haki yangu.

Akaniuliza kwa nini niliachia begani.

"Kemunto aliniwahi," nikasema.

Nyusi zikainuka. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia mama mkwe wangu, Kerubo. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamume anamtoa mtu ndani ya jiwe, mwanamke anamwosha ili aweze kwenda mbele za watu. Nilidhani mama yake hajapata wa kumwosha.

Rosalía alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Kisha mzee akasema, na Kemunto alinitafsiria polepole:

"Mama yangu kila nikimkumbuka ameinama. Miaka sabini nimemchora ameinama. Nilikuwa nimesahau kwamba Jumapili alinawa uso, akapaka mafuta, akaketi mlangoni bila kufanya kazi yoyote. Alhamisi mkono wangu ulipofika hapa, nilimkuta ameketi."

Rosalía akaja akagusa lile shavu, mara ya kwanza.

"Upande ule mwingine usiuguse," mzee akasema. "Na bado nimekasirika. Nitaendelea hadi Ijumaa."

Nikasema ni sawa, Ijumaa si mbali.

Kisha akamwagiza Rosalía alete jiwe langu, lile la taulo. Akaniuliza linavunjika vipi. Nikamwonyesha mshipa, wapi utapiga na wapi litapasuka. Akashika patasi. Mkono uliruka kama kuku aliyefungwa miguu, mapigo yakaenda ovyo. Lakini mnalijua jiwe letu, halikatai. Kila alipotetemeka lilikubali, likaandika. Akaangalia ule ovyo wake kwa muda, akapiga tena. Mawe yake magumu, alisema, yalikuwa yanautema mtetemo wake. Hili linaumeza.

Kemunto alitoka akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ukumbini

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kuta zote michoro yake, hata gunia moja lililochorwa kwa mkaa ambalo msimamizi hakuliona. Eulalia katikati. Watu walisimama kulia, wakazunguka kushoto, wakarudi kulia. Kemunto aliniwekea kiti mbali na sanamu, hatua ishirini, nami nilitia mikono mifukoni bila kuambiwa.

Mama mmoja aliyevaa kofia ya manyoya alimuuliza mzee kwa nini uso ni nusu kwa nusu. Rosalía akajibu kabla yake: kulia ni siku za kazi, kushoto ni Jumapili. Baadaye aliniletea sahani mwenyewe, chakula kile cha maganda, vinne, akakaa kando yangu akala na mimi. Kwa kampuni hakupeleka neno. Kemunto yuko pale hadi leo.

Mzee alipopita mbele yangu nikatoa shikamoo. "Marahaba," akasema, akanikumbusha kwamba Ijumaa imekwisha.

Kurudi

Siku ya kuondoka alinipa jiwe. Amechonga mwanamke ameinama juu ya beseni, anasugua. Hana macho, kilemba kimekaa upande, mwili mzima mikwaruzo ya kutetemeka kama kuku wamepekua. Ni mimi. Alinipa kwa sharti moja, Kemunto akatafsiri mara mbili kuhakikisha: lisiguswe na msasa.

Uwanja wa ndege wakalitoa tena kwenye mfuko wakauliza ni nini. Nikaficha kucha.

Sasa liko juu ya kabati langu la vyombo, kando ya picha ya Onsongo. Miaka arobaini sijawahi kukaa chumba kimoja na jiwe lenye makovu, na mkono unaniwasha, siwadanganyi. Jana nililitoa vumbi kwa kitambaa kikavu nikalirudisha haraka. Kemunto amepiga simu juzi: mzee anataka jingine, kubwa zaidi, na Mogaka ameshalichagua.

Njooni mlione, chai ipo. Ila Mwanaisha, nakujua wewe, msasa wako uuache mlangoni.